Pafu Likiugua, Angalieni na Moyo

Mtu akikohoa wiki mbili mfululizo pale Kasulu, mkoani Kigoma, jirani wa kwanza atamwambia akapime TB, wa pili atamwelekeza kwa fundi wa kukata kimeo. Yule wa kwanza asikilizwe. Kifua kikuu ndicho cha kutafutwa kabla ya kingine chochote huku kwetu, kipimo chake ni bure, dawa zake ni bure, na mashine ya GeneXpert husoma kohozi kwa chini ya saa mbili. Tena Tanzania ina historia ya kujivunia hapo: mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza 1977, ukisaidiwa na Dkt. Karel Styblo, ndio uliozaa mfumo wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, mfumo ambao Shirika la Afya Duniani baadaye liliueneza kote. Anayeanzia TB hajapotea njia.

Makala hii inawahusu wale ambao TB haikuwa jibu lao, au haikuwa jibu lote. Ni wachache. Kati yao wamo wenye uvimbe kwenye pafu, na kati ya hao wamo wachache zaidi ambao uvimbe wao hautulii pafuni, unaingia moyoni. Kwa uchache wao hawana bango kwenye ukuta wa zahanati wala siku ya kuadhimishwa. Wengi hufika hospitali kubwa wakiwa wamechelewa, wamebeba daftari lililojaa dawa za kikohozi na miguu iliyokwisha kuvimba. Nataka familia ya Kibondo au Kasulu ijue lini ianze kutilia shaka, iombe kipimo gani, na pesa ya maharage na mbuzi iende wapi kwanza.

Moyo haukai mbali na pafu. Umelala katikati ya mapafu mawili, na damu iliyopata hewa hutoka mapafuni kwa mishipa mikubwa minne na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Uvimbe unaoota karibu na mshipa mmojawapo una njia iliyo wazi. Hupenya ukuta wa mshipa, hukua ndani yake kufuata damu inakoelekea, mpaka ncha yake ikaning'inia ndani ya chumba cha moyo. Kipande kikikatika hapo, husukumwa na damu hadi kwenye ubongo, mtu akapata kiharusi, au hadi kwenye mguu, ukawa baridi na kuuma ghafla. Kwa hiyo mtu asiye na presha wala kisukari akipata kiharusi baada ya miezi ya kukohoa, kikohozi hicho kitajwe kwa daktari siku hiyohiyo. Ndugu wengi husimulia kiharusi kwa urefu na kukisahau kikohozi, kwa sababu wamekwisha kukizoea nyumbani.

Njia ya pili ni ya kifuko. Moyo umevikwa kifuko chenye utando wa ndani na wa nje, na katikati yake kuna maji kidogo ya kulainisha, mililita 15 hadi 50, yaani kijiko kimoja cha chakula hadi vitatu hivi. Uvimbe wa pafu ukikigusa kifuko hicho, au seli zake zikisafiri kwa mishipa ya limfu hadi hapo, maji huanza kuongezeka. Yakiongezeka polepole kifuko hutanuka, kinaweza kubeba hata lita nzima huku mtu bado anakwenda sokoni, ila anapumzika mara nyingi kuliko zamani. Yakija kwa haraka, hata robo lita haihitajiki. Moyo hubanwa, ukashindwa kujaa damu, na kisichojaa hakina cha kusukuma. Mpasuaji wa Marekani, Claude Beck, alizieleza dalili za hali hii mwaka 1935: presha hushuka, mishipa ya shingo hutuna, na sauti ya moyo husikika kwa mbali. Mbili kati ya hizo zinahitaji vifaa vya daktari. Ya shingo unaweza kuiona mwenyewe mgonjwa akiwa ameketi kitandani.

Sasa ndipo penye utata, na ndipo familia nyingi hulaumu daktari bila haki. TB nayo hujaza maji kwenye kifuko hichohicho. Katika nchi zenye TB nyingi ndiyo sababu ya kwanza ya maji ya moyo, hasa kwa mtu anayeishi na VVU. Daktari wa wilaya akianzisha dawa za TB kwa mgonjwa wa namna hiyo hajapiga ramli, amefuata uwezekano mkubwa, na mara nyingi mgonjwa hupona. Tatizo huanza pale ambapo maji yametolewa yakamwagwa, au yamepimwa kitu kimoja tu. Yakitolewa, ombeni mambo mawili kwa pamoja: yapimwe vijidudu vya TB, na yaangaliwe kwa darubini kama yana seli za saratani. Rangi yake isiwadanganye. Maji yenye damu yanaweza kutoka kwa saratani, na yanaweza kutoka kwa TB.

Jambo moja ningependa kila nyumba yenye mgonjwa wa kifua ilifanye hata kama itasahau mengine yote niliyoandika: wekeni tarehe. Siku dawa za TB zinapoanza, andikeni uzito wa mgonjwa kwenye jalada la daftari na mhesabu miezi miwili mbele. Ikifika tarehe hiyo, homa iwe imekwisha, hamu ya kula imerudi, mizani imepanda walau kidogo. Kama vijidudu vilionekana kwenye kohozi na mgonjwa anapata nafuu, amalize dozi yake na habari hii imwishie hapo. Kama havikuonekana, tiba ilianza kwa picha na dalili tu, na baada ya miezi miwili uzito unazidi kushuka, rudini hospitali hata kama siku ya kliniki haijafika. Na kama vijidudu vilionekana lakini nafuu hakuna, swali la kwanza ni usugu wa dawa, la pili ni kama kuna ugonjwa mwingine umelala chini ya TB. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Wengi wetu tukifika mbele ya daktari tunasema tu "bado anaumwa". Sentensi hiyo haimsaidii mtu aliyeona wagonjwa hamsini tangu asubuhi. Jaribu hivi: "Shikamoo daktari. Mama alianza dawa za TB mwezi wa tatu, kohozi halikuonyesha vijidudu. Alikuwa na kilo 52, leo ana 46. Usiku analala ameketi. Tumekuja na picha ya kwanza ya kifua, tunaomba ilinganishwe na mpya, na tunaomba moyo wake uangaliwe kwa ultrasaundi." Huo si ujuaji. Daktari yeyote wa maana atafurahi, kwa kuwa umempa kwa nusu dakika kile ambacho angekitafuta kwa robo saa.

Ultrasaundi ya moyo, ile ambayo wahudumu huiita eko, ndicho kipimo ninachokiweka mbele ya safari yoyote. Haiumizi, haina mionzi, na hata mashine ya kawaida inayopimia wajawazito ikishikwa na mtu anayejua huweza kuonyesha kama kifuko kimejaa maji. Picha ya kifua nayo hutoa fununu: moyo uliozungukwa na maji mengi huonekana mpana chini, mwembamba juu, kama kibuyu. Ila eksirei haiwezi kutofautisha moyo mkubwa na kifuko kilichojaa. Mgonjwa aliyeambiwa "moyo umepanuka" kwa picha peke yake bado hajapata jibu.

Huko nyumbani mtazameni mgonjwa anavyolala. Anayeongeza mito kila wiki, anayeamka usiku na kuinama mbele akishika magoti ili apate pumzi, huyo moyo wake unaomba kuangaliwa. Uso na shingo vikivimba zaidi asubuhi na kupungua jioni, na mishipa ikachora kifuani, huenda kuna kitu kinabana mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kichwani, na hiyo ni ya kwenda hospitali leo, si keshokutwa. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua ni dalili ambayo watu huipuuza kabisa. Kuna neva ya sauti inayoshuka hadi kifuani kabla ya kupanda kooni, na uvimbe huweza kuibana hukohuko chini. Kuzirai ukisimama, mikono baridi yenye jasho na mapigo ya moyo yanayokimbia kwa mtu ambaye shingo yake imetuna, hayo ni ya usiku huohuo. Hapo pikipiki haifai. Tafuteni gari mgonjwa akae.

Kuhusu kimeo nitasema bila kuzunguka. Kukata kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakujawahi kutibu kikohozi kitokacho kifuani. Kunaleta kutoka damu, kunaleta maambukizi, na kibaya zaidi kunaleta wiki kadhaa za kusubiri "kidonda kipone ndipo tuone". Nimesikia watu wazima wenye elimu yao wakikitetea. Waulizeni swali moja tu: kama kikohozi kilitoka kwenye kimeo, kwa nini uzito unashuka?

Duka la dawa nalo lina mitego miwili, na hii sijaona ikiandikwa vya kutosha. Wa kwanza ni prednisoloni, na ndugu yake deksamethasoni. Vidonge hivi humpa mgonjwa wa kifua nafuu ya haraka ambayo kila mtu huishangilia. Lakini saratani ya tezi za limfu, ambayo inaweza kukaa kifuani na kuugusa moyo, husinyaa kwa muda kwa dawa hizi, na kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa, kikichukuliwa wakati huo maabara inaweza isione kitu. Utafiti mkubwa wa TB ya kifuko cha moyo uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika chini ya Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, wenye wagonjwa 1,400, ulitoa matokeo yake mwaka 2014. Prednisoloni ilipunguza kukakamaa kwa kifuko, ila haikupunguza jumla ya vifo na madhara makubwa yaliyokuwa yakipimwa, na kwa wenye VVU ilihusishwa na ongezeko la saratani. Kwa hiyo dawa hiyo ina mahali pake, na mahali pake ni mkononi mwa daktari anayejua anatibu nini. Ikiwa mgonjwa amekwisha kuimeza, semeni. Msifiche kwa aibu.

Mtego wa pili ni vidonge vya kukojoza, ile Lasix ambayo hununuliwa mara miguu ikivimba. Kwa moyo uliochoka, ni dawa nzuri. Kwa moyo uliobanwa na maji ya kifuko, kupunguza maji ya mwili kunaupunguzia moyo hata ile damu kidogo iliyokuwa ikiingia kwa shida, na presha inaweza kuanguka. Miguu iliyovimba ni ileile kwa macho, ugonjwa ni tofauti. Ndiyo sababu narudia eko kwanza.

Tuje kwenye safari, maana hapa ndipo pesa za watu huishia barabarani. Kutoka Kasulu, hatua ya kawaida baada ya hospitali ya wilaya au ile ya Kabanga ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, mjini Kigoma, kama kilomita 100. Kutoka Kibondo jiografia ni nyingine. Kwa kupita Kakonko na Nyakanazi unaelekea Biharamulo na Chato, ambako kuna hospitali ya rufaa ya kanda, au unashika Geita na kuendelea Mwanza hadi hospitali ya Bugando. Njia hiyo ya Mwanza imebadilika tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe 2025. Zamani mgonjwa wa pumzi alikuwa anasubiri kivuko juani au usiku, na waliowahi kusubiri naye wanajua dakika zinavyorefuka pale. Bugando ina tiba ya mionzi na dawa za saratani, kwa hiyo si kweli tena kwamba kila mgonjwa wa saratani wa Kigoma lazima avuke nchi nzima hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Dar es Salaam inabaki ya lazima kwa wachache, hasa wanaohitaji upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Aliye katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hana uhuru huo wa kuchagua njia: rufaa yake hupitia shirika linaloendesha huduma za afya kambini, na ndugu wanaotuma pesa kutoka ng'ambo wajue hivyo kabla ya kumwambia apande gari mwenyewe.

Kabla ya kulipa nauli, ulizeni kwa simu kama mashine ya siti skani inafanya kazi wiki hiyo na kama mtaalamu wa kusoma picha yupo. Hospitali inaweza kuwa na mashine nzuri na fundi wake akawa likizo. Na ulizeni ni siku gani kliniki ya kifua au ya moyo inaketi. Kufika Ijumaa jioni na mgonjwa anayehema ni kununua siku tatu za nyumba ya wageni. Kila mwaka huwa pia kuna kambi za madaktari bingwa zinazofika halmashauri. Hizo ni nafasi ya kumwonyesha mgonjwa na picha zake bila kutoka Kibondo, ingawa kambi haitafanya kila kipimo.

Lakini sikilizeni hili kabla ya yote: mgonjwa ambaye kifuko cha moyo wake kimejaa maji ya kumbana asipakiwe kwenye basi la masaa kumi. Maji yatolewe kwanza, kwa sindano ndefu ikiongozwa na ultrasaundi, mahali pa karibu palipo na mtu anayeweza. Hata kupunguza kidogo tu huupa moyo nafasi. Ikiwa wilayani hayupo wa kufanya hivyo, mwombeni daktari apige simu mkoani, msikubali karatasi ya rufaa peke yake. Treni ya Kigoma ni rahisi kwa nauli na ngumu kwa mtu asiyeweza kulala chali, kwa sababu akizidiwa katikati ya pori hakuna wa kumtoa maji. Ndege ya Kigoma kwenda Dar inafupisha njia, ila hewa ndani yake ni nyembamba kama ya mlima wa mita 2,000, kwa hiyo anayepungukiwa oksijeni chini atapungukiwa zaidi juu. Ombeni barua ya daktari na mwulize shirika la ndege kuhusu oksijeni kabla ya kukata tiketi.

Sasa kinyama. Kuna imani iliyoenea kwamba kisu au sindano vikigusa uvimbe, kansa inatawanyika na mtu hufa upesi. Nafahamu inakotoka: wengi waliokatwa kinyama walikuwa wamekwisha kuchelewa, wakafariki wiki chache baadaye, na sindano ikabeba lawama. Ukweli ni kwamba bila kinyama hakuna anayeweza kuujua ugonjwa kwa jina, na bila jina hakuna dawa sahihi. Siti skani huonyesha mahali na ukubwa. Haisemi ni nini.

Na majina yanatofautiana kama usiku na mchana. Saratani ya tezi huitikia dawa vizuri, hata ikiwa imegusa kifuko cha moyo. Kuna uvimbe wa nadra wa pafu usio saratani ya kawaida, mara nyingi kwa vijana na watoto, ambao huweza kupenya mishipa hadi chumba cha moyo na bado ukatolewa wote kwa upasuaji. Saratani ya Kaposi, kwa mwenye VVU, hushambulia mapafu na mara chache kifuko, na tiba yake huanza kwa dawa za VVU zenyewe. Kitu kinachoonekana ndani ya moyo kinaweza pia kisitoke pafuni kabisa: miksoma huota moyoni humohumo, haisambai kama saratani, na upasuaji huwaponya wengi. Upande mwingine kuna saratani za kawaida za pafu na zile za nyama laini, ambazo zikifika moyoni kupona kabisa ni nadra, na tiba hulenga kuongeza muda na kupunguza mateso. Familia inayouza shamba bila kujua ipo upande upi inauza gizani.

Habari njema ni kwamba kinyama hakichukuliwi kifuani kila mara. Mpapaseni mgonjwa juu ya mtulinga na pembeni mwa shingo. Kama kuna tezi ngumu imevimba, hiyo inaweza kukatwa wilayani, ikawekwa kwenye kichupa chenye formalini na kupelekwa maabara ya Bugando au Muhimbili, wakati mgonjwa amebaki Kasulu anakula nyumbani kwake. Ndugu mmoja na kichupa husafiri kwa bei ndogo kuliko mgonjwa na wasindikizaji watatu. Hakikisheni kichupa kina jina, namba ya mgonjwa, mahali kilipotolewa na tarehe, na kwamba ndani ni formalini, si spiriti wala maji ya chumvi. Chukueni namba ya risiti ya maabara. Majibu huchukua wiki kadhaa, na yasiyofuatiliwa hukaa kabatini.

Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa anayekohoa damu, ongezeni kipimo kimoja cha bei ya chini kabisa: mkojo wa kupima mimba. Kama miezi michache nyuma mimba iliharibika, au aliambiwa ana mimba zabibu, na sasa kipimo ni chanya wakati hana mimba, huenda ni saratani inayotokana na kondo la nyuma. Hiyo hupita upande wa kulia wa moyo kuelekea mapafuni na kuacha vivimbe vinavyofanana na chochote. Tangu mwaka 1956, Min Chiu Li na Roy Hertz walipoonyesha huko Marekani kwamba dawa ya methotreksati huifuta, imekuwa miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zaidi hata ikiwa imesambaa. Mwanamke kufa nayo akimeza dawa za TB ni hasara ambayo kijiti cha mkojo kingeizuia.

Watoto wana lao. Nimonia inayorudi upande uleule wa kifua kila mara, kwa mtoto wa chini ya miaka sita, si ya kuandikiwa tena dawa ileile bila picha. Kuna saratani ya nadra sana ya pafu la mtoto iitwayo blastoma ya pafu, ambayo huanza kama mfuko wa hewa, baadaye hujaa nyama, na imewahi kuonekana ikipita kwenye mishipa ya pafu hadi moyoni na kurusha vipande kwenye ubongo. Ikikamatwa bado ni mfuko wa hewa, upasuaji huwatibu wengi. Matibabu ya saratani za watoto Muhimbili, yanayosaidiwa na shirika la Tumaini la Maisha, hutolewa bila malipo kwa familia, na mtandao wao umefika Bugando. Nauli na kazi zilizosimama shambani bado ni zenu, ila dawa zisiwafanye mrudi nyumbani.

Kwa watu wazima, bima ziangaliwe mapema. CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilipangwa iishie hospitali ya mkoa. Ukivuka kwenda kanda au taifa ulijikuta mlipaji. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekuja kubadili mpangilio huo, kwa hiyo ulizeni kituoni hali ilivyo sasa, msitegemee alichowaambia jirani mwaka juzi. Asiye na uwezo aende na barua ya mtendaji wa kijiji kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, kabla bili haijaanza kupanda. Ofisi hiyo husikiliza vizuri zaidi mwanzoni kuliko siku ya kuruhusiwa.

Kuna swali wagonjwa huuliza na ndugu hulikwepa: "Ni sigara?" Nyanda hizi zinalima tumbaku, na wapo waliokausha majani kwenye mabani tangu ujana. Kuna jiko la kuni pia, ambalo moshi wake wataalamu wa kimataifa wameuweka kwenye kundi la vitu ambavyo pengine husababisha saratani. Anayevuta aache leo, hata akiwa mgonjwa, pumzi itamshukuru. Lakini uvimbe mwingi wa nadra niliotaja hauna uhusiano na sigara, na kumhukumu mama ambaye hajawahi kuvuta, au kunong'ona kwamba ni jirani fulani amemtupia kitu, kunampunguzia nguvu za kwenda kliniki.

Maji ya kifuko yakirudi baada ya kutolewa, na kwa saratani hurudi mara nyingi, ulizeni kuhusu kufunguliwa kidirisha kwenye kifuko ili yawe yanachuruzika nje ya moyo. Ni upasuaji mdogo ukilinganisha na mwingine wa kifua, na humwezesha mtu kulala usiku. Pale ambapo kupona hakupo, maumivu na kukosa pumzi bado vina dawa. Mofini ya maji ya kunywa, ambayo Dkt. Anne Merriman aliipigania Uganda tangu alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, hutuliza pia ile hofu ya kukosa hewa, na kwa dozi ndogo inayopimwa vizuri haiui wala haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja. Ocean Road imekuwa nayo kwa miaka mingi. Ulizeni mkoani kama wanayo kabla ya kumrudisha mgonjwa kijijini, na mtoke na dawa ya kulegeza choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo.

Nyumbani, kitanda kisogezwe dirishani na mbali na jiko. Mgonjwa aketi akiegemea mbele juu ya mto uliowekwa mezani, miguu chini. Upepo wa kipepeo usoni hupunguza hisia ya kukosa hewa zaidi ya unavyodhani, na wajukuu huipenda kazi hiyo. Mweke mtu mmoja wa familia awe ndiye anayeongea na madaktari, na mgonjwa mwenyewe aulizwe anataka kujua kiasi gani. Wazee wengi wa Kiha nimewaona wakijua kabla ya kuambiwa, wakisubiri tu mtu awe na adabu ya kuketi na kuwauliza.

Karatasi zote, picha za kifua, majibu ya kinyama, kadi ya TB, zihifadhiwe ndani ya mfuko mmoja hata baada ya mgonjwa kupona au kufariki. Kwa blastoma ya pafu ya mtoto, kasoro ya jeni iitwayo DICER1 hurithiwa katika familia nyingi, na daktari atakayemwona mdogo wake mwenye kikohozi mwaka mwingine atataka kuisoma ile karatasi ya maabara kwa macho yake.